Kuongezewa njia si lazima kwa kila uzazi wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wa afya wa gazeti lako ulimjibu mama mmoja mjamzito kwamba kila anayejifungua kwa mara ya kwanza huongezewa njia, yaani hukatwa kwa mkasi kwenye mlango wa uke ili mtoto apate nafasi ya kutoka, na kwamba asipoongezewa atachanika vibaya hadi kwenye njia ya haja kubwa. Jibu lile si sahihi. Wanaosoma ukurasa ule ni wajawazito, mama zao na wakwe zao, na hata wakunga wenzetu walio peke yao kwenye zahanati za mbali, kwa hiyo tunaomba nafasi tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Kati ya mlango wa uke na njia ya haja kubwa kuna sehemu iitwayo msamba. Chini ya ngozi yake kuna misuli, na upande wa nyuma kuna msuli wa duara unaoizunguka njia ya haja kubwa. Huo ndio unaotuwezesha kuzuia choo na upepo mpaka tufike mahali panapostahili. Ndani yake kuna msuli mwingine, mwembamba zaidi, unaofanya kazi bila kuamriwa. Kichwa cha mtoto kinaposhuka, msamba wote hutanuka na kuwa mwembamba. Kati ya wanawake kumi wanaojifungua kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, hadi tisa hupata mchubuko au mchaniko wa namna fulani, na mingi ya michaniko hiyo ni midogo.

Michaniko hupangwa kwa madaraja manne. Daraja la kwanza ni ngozi tu, au utando wa uke. Daraja la pili huingia kwenye misuli ya msamba lakini huishia kabla ya msuli wa haja kubwa. Daraja la tatu huugusa msuli huo, nalo limegawanywa: A, unene wa msuli wa nje umechanika chini ya nusu, B, zaidi ya nusu, C, msuli wa nje na wa ndani yote imechanika. Daraja la nne hupita misuli yote miwili hadi kwenye utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unaonyesha kuwa daraja la tatu na la nne hutokea kwa asilimia kama 6 ya wanaojifungua mara ya kwanza, na chini ya asilimia 2 kwa waliokwisha kuzaa.

Sasa linganisha. Mkato wa kuongeza njia hupita kwenye ngozi, utando wa uke na misuli ya msamba, yaani ni jeraha la daraja la pili tangu mkasi ulipofunga. Mama ambaye labda angechubuka kidogo, au asingechanika kabisa, anapewa jeraha la daraja la pili bila shaka yoyote ili aepushwe na jeraha ambalo huenda lisingetokea. Hesabu hiyo haimfaidi.

Desturi hii ina asili yake. Mwaka 1742 Fielding Ould wa Dublin aliueleza mkato huu kwa ajili ya uzazi uliokwama. Mwaka 1920 Joseph DeLee wa Chicago akapendekeza ufanywe kama kawaida pamoja na kumvuta mtoto kwa koleo, na kwa miongo mingi ukafundishwa kana kwamba umethibitishwa. Ulipopimwa sawasawa haukusimama. Utafiti wa Argentina uliochapishwa mwaka 1993 uliwagawa wanawake 2,606 kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Katika kundi la kukatwa kama desturi, asilimia 83 walikatwa. Katika kundi la kukatwa pale tu penye sababu, asilimia 30. Michaniko mibaya ilikuwa asilimia 1.5 katika kundi la kwanza na asilimia 1.2 katika la pili. Kundi la pili lilipata michubuko mingi zaidi ya upande wa mbele, karibu na njia ya mkojo, na tunalisema hilo wazi. Lakini lilikuwa na mishono michache nyuma, maumivu kidogo na vidonda vichache vilivyochelewa kupona. Tafiti zilizofuata zimekubaliana nao. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 hauungi mkono kukata kama desturi kwa mama anayejifungua kawaida. Marekani, walikokuwa wakikata zaidi ya nusu ya wazazi mwishoni mwa miaka ya 1970, walishuka hadi asilimia kama 12 mwaka 2012.

Hatusemi mkasi utupwe. Zipo nyakati ambapo ndio unaookoa. Mapigo ya moyo ya mtoto yanaposhuka na hayapandi tena baada ya uchungu kupita, huku kichwa kimeshafika kwenye msamba, dakika chache zina thamani kubwa. Mtoto anapovutwa kwa koleo, na mara nyingine kwa kifaa cha kunyonya, mkato wenye pembe sahihi humlinda mama. Mabega yakikwama, kukata hakuondoi mkwamo, maana kilichokwama ni mfupa, ila kunampa mkunga nafasi ya kuingiza mkono. Na kuna kovu gumu lisilotanuka, la mchaniko wa zamani ulioshonwa vibaya au la ukeketaji.

Hapo kwenye ukeketaji tusimame kidogo, maana makosa ni mengi. Mama aliyekeketwa kwa kushonwa, akabakiziwa tundu dogo tu, anahitaji kufunguliwa kwa mbele: ganzi, kidole chini ya kovu kulinda vilivyo chini yake, kisha mkasi ulikate kovu lenyewe kuelekea juu. Kumkata msamba ubavuni huku kovu la mbele limeachwa ni kumpa majeraha mawili. Baada ya kujifungua, kingo za kovu hushonwa kila upande peke yake ili damu isitoke. Hazirudishwi kuunganishwa, hata ndugu wakiomba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, uliofuatilia wanawake 28,393 katika nchi sita ikiwemo Kenya, ulionyesha kuwa waliokeketwa hupata matatizo zaidi wakati wa kujifungua, kuvuja damu kukiwemo. Swali hili liulizwe kliniki mapema na mama akaguliwe huko, asisubiriwe afike leba saa nane usiku.

Penye sababu ya kukata, kuna namna ya kukata. Kwanza mama aambiwe, na akubali. Sentensi moja inatosha hata kwenye haraka: "Mama, mapigo ya mtoto yameshuka, nataka kukuongezea njia kidogo atoke sasa hivi, nitakuchoma ganzi kwanza, unakubali?" Tunajua wapo wanaosema leba hakuna muda wa mazungumzo. Maneno hayo hayafiki sekunde kumi.

Pili, ganzi. Dai kwamba uchungu unapokuwa mkali mama hasikii mkasi halina msingi, na kwa kushona ndiyo kabisa, maana uchungu umeshapita na mama anaisikia kila tundu ya sindano. Dawa ya ganzi iitwayo lidokeini, ya asilimia 0.5, inatosha. Kama iliyopo kabatini ni ya asilimia 2, chukua sehemu moja ya dawa na sehemu tatu za maji ya sindano au maji ya chumvi ya drip: mililita 2.5 za dawa na 7.5 za maji hukupa mililita 10. Mililita hizo 10 zina miligramu 50 tu. Kipimo cha juu cha lidokeini isiyochanganywa na adrenalini (dawa inayobana mishipa ya damu) ni miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mama wa kilo 60 anaweza kupokea hadi miligramu 240. Ipo nafasi kubwa ya kuongeza ganzi akisema bado anasikia. Ingiza vidole viwili kati ya kichwa cha mtoto na msamba kabla ya kuchoma, kwa sababu dawa ikiingia kwenye ngozi ya kichwa cha mtoto inaweza kumletea degedege na kumuua. Vuta bomba kabla ya kusukuma dawa. Ikirudi damu, rudisha sindano nyuma uchome pengine. Kisha subiri dakika 2, ubane ngozi kwa kibanio. Akisikia, subiri dakika 2 nyingine.

Tatu, wakati. Msamba uwe umeshakuwa mwembamba na kichwa kinaonekana sentimita 3 hadi 4 wakati wa uchungu. Ukikata mapema, nyama ingali nene, damu itatoka nyingi na msuli utakatwa bure.

Nne, pembe, na hapa ndipo mkato mwingi unapoharibika. Chukua uso wa saa ya ukutani: katikati ya msamba kuelekea njia ya haja kubwa ni kwenye tarakimu 6. Mkato unaelekea kwenye tarakimu 8, upande wa kulia wa mama, yaani digrii 60 kutoka mstari wa katikati, sentimita 3 hadi 4. Wengi wetu tulifundishwa digrii 45. Tatizo ni kwamba msamba ukiwa umetanuliwa na kichwa, pembe huonekana kubwa kuliko ilivyo. Mtoto akishatoka na nyama ikarudi mahali pake, mkato wa digrii 60 hubaki kama 45, na ule uliokatwa kwa digrii 45 husogea karibu mno na msuli wa haja kubwa. Mkato wa kushuka moja kwa moja katikati ni rahisi kushona, lakini ukiendelea kuchanika, unakwenda kwenye msuli huo huo tuliotaka kuulinda.

Lakini kazi kubwa ya kulinda msamba hufanyika bila mkasi, na sehemu yake kubwa ni kutokuwa na haraka. Mlango wa kizazi ukishafunguka sentimita 10, mwanamke wa uzazi wa kwanza anaweza kuchukua hadi saa 3 kabla mtoto hajazaliwa, na aliyekwisha kuzaa hadi saa 2, ikiwa yeye na mtoto wako salama. Mama anayepigiwa kelele "sukuma, sukuma" akiwa na sentimita 8 huchoka na kuvimba msamba kabla ya wakati, na msamba uliovimba huchanika upesi. Kumkandamiza tumbo kwa kiwiko au mkono ili mtoto atoke ni hatari. Mwongozo wa mwaka 2018 unakataa jambo hilo waziwazi, na bado linafanyika.

Kinachosaidia ni vitu vya kawaida. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto, kikakamuliwa na kupimwa kwanza kwenye mkono wa mkunga, kikawekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma, hupunguza michaniko ya daraja la tatu na la nne. Mama aachwe achague mkao: ubavu, magoti na mikono, kuchuchumaa. Mikao ya wima hupunguza kukatwa, ingawa huweza kuongeza kidogo michaniko ya daraja la pili. Kulalia ubavu kunafaa sana pale kichwa kinapotoka kwa kasi. Kichwa kikishachomoza kisirudi ndani, mama aache kusukuma, apumue kwa pumzi fupi fupi kwa mdomo. Mkono mmoja wa mkunga unakizuia kichwa kisitoke kwa kishindo, mkono wa pili unaushika msamba, na macho yake yako pale pale kwenye ngozi. Ngozi ya msamba ikianza kung'aa na kuwa nyeupe, ndio wakati wa kwenda polepole zaidi. Wengi huachia mikono kichwa kikitoka. Mabega nayo huchana.

Nyumbani, kuanzia wiki ya 35, mwenye mimba ya kwanza anaweza kuukanda msamba mara moja au mbili kwa wiki, dakika 5 hadi 10. Mikono iliyooshwa, kucha fupi, mafuta safi ya nazi. Vidole gumba viingie sentimita 3 hadi 4 ndani ya uke, abonyeze kuelekea chini na pembeni mpaka asikie kuvutika, si maumivu. Kwa wale ambao hawajawahi kujifungua kwa njia ya kawaida, hili limeonekana kupunguza uwezekano wa kukatwa na wa kushonwa. Asiukande kama ana maambukizi ukeni, chupa imevunjika, au anatokwa damu.

Tumefika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko mkasi: kukagua. Madhara makubwa ya uzazi hayaletwi tu na mchaniko mkubwa. Mchaniko mkubwa ulioonekana kama mdogo, ukashonwa juu juu, huleta makubwa zaidi. Mama huyo ataruhusiwa kesho yake, na baada ya wiki chache atagundua kuwa upepo unamtoka mbele za watu, au choo kinamchafua kabla hajafika chooni. Ataona aibu kusema. Atadhani ndivyo wanavyokuwa waliozaa.

Kila aliyejifungua kwa njia ya kawaida, awe amekatwa au la, akaguliwe kwa mwanga wa kutosha. Taa ya simu iliyoshikwa na mtu anayetazama pembeni haitoshi. Mama aelezwe, apewe ganzi kama anaumia, na kidole chenye glovu na mafuta kiingie kwenye njia ya haja kubwa, kidole gumba kikiwa ukeni. Vidole viwili hivyo vinaviringisha nyama iliyo kati yao. Msuli mzima husikika kama ukingo mnene unaozunguka. Ukichanika, ncha zake hujivuta kila moja upande wake, na pale mbele panabaki pengo laini, mara nyingine na vishimo viwili vidogo pembeni. Tazama pia mikunjo ya ngozi inayozunguka tundu: ikipotea upande wa mbele tu, shuku msuli. Kabla ganzi haijashika, mwambie abane kama anayezuia upepo, usikie kama mbano unazunguka duara zima. Na mara chache msuli unakuwa mzima lakini utando ulio juu yake umetoboka, shimo dogo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Bila kidole hulioni kabisa, na ndilo linalokuja kuwa fistula ya choo, yaani tundu lisiloziba linalopitisha choo ukeni. Kagua tena kwa kidole baada ya kushona, maana uzi uliopenya hadi njia ya haja kubwa lazima utolewe pale pale. Badilisha glovu kila ukitoa kidole huko.

Damu nayo ina lugha yake. Mfuko wa uzazi ukiwa umejikaza vizuri, kondo la nyuma limetoka zima, na bado damu nyekundu inatiririka, usiongeze dawa ya kukaza mfuko ukasubiri. Tafuta mchaniko: msamba, kuta za uke, mlango wa kizazi, na kule mbele karibu na kinembe ambako damu hutoka kwa wingi usiotarajiwa.

Mchaniko wa daraja la kwanza usiotoa damu, kingo zake zikikutana zenyewe, hauhitaji uzi. Daraja la pili na mkato hushonwa, mapema, kwa uzi unaoyeyuka. Uzi wa poliglaktini namba 2-0 huleta maumivu kidogo kuliko uzi wa katiguti, na mshono wa mfululizo usiofungwa mafundo kila hatua huuma kidogo kuliko mishono ya moja moja. Anza sentimita 1 juu ya ncha ya kidonda ndani ya uke, kwa kuwa mshipa uliokatika hujivuta juu. Ukianzia kwenye ncha yenyewe unauacha ukivuja chini ya mshono. Shuka hadi kwenye mlango wa uke, unganisha misuli, kisha ngozi kwa mshono wa chini ya ngozi. Usikaze. Nyama itavimba usiku huo, na uzi uliokazwa utaikata. Hesabu gozi (vipande vya kitambaa chepesi cha kufyonzea damu) kabla na baada: gozi iliyosahaulika ukeni hujulikana siku kadhaa baadaye kwa harufu, na hilo halina udhuru.

Kuhusu kile kinachoitwa kushona kwa kubana ili "mume afurahi": hakuna tiba ya namna hiyo. Uzi wa ziada huleta kovu gumu na maumivu ya tendo la ndoa kwa miaka. Mume akiomba, akataliwe. Mkunga akijitolea mwenyewe, mama ana haki ya kulalamika.

Daraja la tatu na la nne si kazi ya kitanda cha leba. Ni kazi ya chumba cha upasuaji, kwa mtu aliyefundishwa, mama akiwa amepewa ganzi ya mgongo au usingizi, ili msuli ulegee na ncha zake zilizojivuta zikamatwe na kuletwa pamoja. Msuli wa ndani hushonwa peke yake kabla ya ule wa nje. Zahanati isiyo na uwezo huo isijaribu. Ikandamize panapovuja kwa gozi safi, iweke mshipa wa drip, iandike saa ya kujifungua na kilichoonekana, na impeleke. Mshono ukicheleweshwa kwa saa chache ukafanywa vizuri ni bora kuliko wa papo kwa papo uliofanywa ovyo, ila usipitishe saa 12 tangu kujifungua, kwani baada ya hapo maambukizi hutarajiwa. Antibayotiki hutolewa kwa daraja hizi mbili. Kwa mkato wa kawaida na daraja la pili hazihitajiki kama desturi, na kumbebesha kila mama mfuko wa vidonge si uangalifu. Baada ya mshono huu mama apewe dawa ya kulainisha choo kwa wiki moja, na kwa wiki mbili asiwekewe bomba la kusafisha tumbo wala dawa yoyote ya kuingiza nyuma.

Utunzaji wa nyumbani ni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku ya kwanza, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, dakika 10 hadi 20, na parasetamoli. Maji safi ya uvuguvugu kila baada ya haja, kutawadha kutoka mbele kwenda nyuma, kukausha kwa kugusa bila kusugua, kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa 4 hadi 6. Chumvi haiongezi kitu. Dettol isiyopunguzwa, spiriti, majivu, majani yaliyotwangwa na maji ya moto ya kuunguza huchoma nyama changa. Tunawasihi mama wakwe na mashangazi wanaomlea mzazi: mkandeni mgongo na miguu mkipenda, kidonda kiachieni maji safi. Ale papai, mboga za majani, maharage, ugali wa dona, anywe maji mengi, kwa kuwa anayeogopa kwenda haja hupata choo kigumu na choo kigumu huvuta mshono. Akienda, ashikilie pedi safi mbele ya mshono. Uzi huanza kukatika wiki ya pili. Kipande kikionekana kwenye pedi si ajabu. Maumivu yakishaanza kutulia, aanze mazoezi ya kubana: abane kama anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, ahesabu polepole hadi tano, aachie, mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Arobaini ya Pwani, yaani siku arobaini za mzazi kupumzika, inakaribiana na wiki sita ambazo kidonda huhitaji, lakini tendo la ndoa lisubiri mpaka yeye mwenyewe asisikie maumivu. Tarehe haitoshi.

Arudi hospitali siku hiyo hiyo akiona haya: maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha au harufu mbaya, homa, mshono kuachia, kushindwa kukojoa kwa saa 6, au choo na upepo kutoka bila yeye kutaka. Na katika saa za mwanzo, uvimbe unaokua upande mmoja, maumivu makali na hamu ya kwenda haja isiyokwisha ni damu inayojikusanya ndani ya nyama. Nje pedi inaweza kuwa kavu huku mama akipauka na mapigo yakienda mbio. Anayempa mama huyo kidonge cha maumivu na kumwambia alale anaweza kumpoteza.

Kwa mama ambaye tayari choo kinamtoka ukeni au mkojo haushikiki: inatibika. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na hospitali ya Bugando Mwanza nako wapo wataalamu wa upasuaji huo. Asisubiri mpaka mtoto akue.

Kwa wasimamizi wa vituo tuna ombi moja la kiutendaji. Mara nyingi ganzi inakosekana leba kwa sababu haikuandikwa kwenye maombi ya Bohari ya Dawa, au iliandikwa kwa makadirio ya chumba cha meno. Hesabuni waliojifungua mwezi uliopita, walioshonwa wangapi, mzidishe kwa mililita 10 za myeyusho na uzi mmoja hadi miwili, muongeze akiba. Mama hapaswi kutumwa duka la dawa akiwa na kidonda wazi.

Mwisho, uzazi unaofuata. Aliyepata mkato au daraja la pili anaweza kujifungua kawaida, na hahitaji kukatwa tena eti kwa kuwa alikatwa mwanzo. Aliyepata daraja la tatu au la nne akapona bila dalili anaweza pia: kati ya wanawake 100 wa aina yake, 5 hadi 7 hurudia mchaniko kama huo. Mwenye dalili zinazoendelea azungumze na daktari mapema kuhusu kujifungua kwa upasuaji. Hayo yote yanategemea maandishi. Kabla mama hajaruhusiwa, kadi yake iandikwe daraja la mchaniko, kama alikatwa na kwa sababu gani, aina ya uzi, na nani alishona. Mama naye asomewe kilichoandikwa, kwa lugha anayoielewa, akiwa bado kitandani.

Wakunga wanne,
Tanga